Faini ya Getini

"Kata kushoto, Dada. Taratibu, utaparamia ukingo."

"Taratibu ni wewe," dada yake alijibu kutoka kwenye usukani. "Mimi nikate vipi na usukani wenyewe mgumu kama nini? Sukumeni, acheni maneno."

Taratibu na shemeji yake walikuwa wameegemeza mabega nyuma ya pikapu, jasho linawatiririka mpaka kiunoni. Jina hilo walimpa madereva wenzake, kwa sababu hakuwahi kumwaga hata kiti kimoja cha watu njiani. Kazi yake ilikuwa kubeba viti na mahema ya shughuli. Pikapu haikuwa mbovu. Ungegusa ufunguo tu, ingewaka.

Lakini leseni yake ilikuwa imefungiwa kwa faini ambazo hakuweza kulipa, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya msamaha. Tangazo lilisema kila mwombaji afike na gari lake likaguliwe. Tangazo hilohilo likasema aliyefungiwa leseni asithubutu kuendesha. Sasa gari lifike vipi, kwa mabawa? Hakuna mkubwa aliyejiuliza. Aliyejiuliza alikuwa afande wa kwenye kona, hatua chache kabla ya geti la ofisi ya leseni. Tangu msamaha uanze alisimama palepale, anawadonoa madereva waliokuja kusamehewa kama kuku aliyeona mtama umemwagika. Mtu anakuja kufutiwa kosa, anaondoka na kosa jipya. Ndiyo maana Taratibu akaamua kusukuma.

"Simama. Leseni," afande alisema.

"Sijaendesha, afande. Nasukuma."

"Na huyo aliyeshika usukani?"

"Mimi nimekaa tu, mwanangu," Dada alisema. "Miguu inaniuma."

Afande aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Akaangalia barabara waliyotokea, akawaangalia wanaume wawili wanaohema, akakosa pa kushika.

"Nyinyi watu wajanja sana."

"Tumefundishwa na nyinyi, baba," Dada alisema, na shemeji akaisukuma pikapu haraka kabla neno hilo halijazaa lingine.

Ndani ya ua wa ofisi watu walikuwa wamekaa chini ya hema jeupe, kwenye viti vya bluu. Taratibu alivijua viti vile kimoja kimoja. Ni yeye aliyevileta, siku mkuu wa ofisi alipoutangaza msamaha mbele ya kamera. Hapakuwa na mahali pa kushushia ila getini. Akasimama getini, akaanza kushusha, na kabla hajamaliza safu ya mbele, ya wageni, karatasi ya faini ilishabandikwa kiooni, ndiyo iliyokuja kumfungia leseni. Alipokuwa akikaza kamba ya mwisho ya hema, mkuu alikuwa kwenye kipaza sauti akisema serikali ni mzazi, na mzazi hana kinyongo. Watu walipiga makofi. Hata Taratibu alipiga, mkono mmoja umeshika kamba.

Mkaguzi alipiga teke tairi, akaomba taa ziwashwe, akaridhika. Foleni ikasogea. Mama Mahema, mwenye viti, alikuwa amemwambia asubuhi waziwazi: "Mwanangu, nakupenda, lakini shughuli za Jumamosi hazingoji mtu. Uje na leseni na viti vyangu, au nitafute dereva mwingine." Kwa hiyo Taratibu alilisogelea dirisha kama anayekwenda kusomewa hukumu.

Karani aliangalia kompyuta, akatabasamu. "Hongera, kaka. Faini zako tatu zimefutwa."

Taratibu alishika ukingo wa dirisha. Alianza kucheka.

"Ila hii ya nne haimo. Msamaha ni wa makosa ya kabla ya tangazo. Hii ni ya siku ya tangazo lenyewe. Na leseni haifunguliwi mpaka usiwe na faini hata moja."

"Dada karani, hiyo ya nne niliipata hapa hapa. Nilikuwa nashusha viti vyenu. Hicho ulichokalia wewe nilikibeba mimi."

Karani alitazama kiti chake, uso ukamshuka. "Naelewa, kaka. Lakini mashine haielewi. Pole sana."

Pole. Ilimchoma kuliko matusi. Tusi ungelijibu, pole utaijibu nini? Amewabebea hema la kutangazia huruma yao, wakamtoza kwa kulibeba, na huruma ikawaenea wote ila aliyeibeba. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamlenga, akageuza uso ili shemeji asimwone.

Dirisha lilifungwa. Watu wakaanza kutoka, wengine wanacheka, wengi wameinama. Ndipo mkuu wa ofisi alipotokea mlangoni, akaiona pikapu.

"Ah, wewe si ndiye dereva wa viti? Vizuri. Pakia vyote sasa hivi, na hema. Kesho asubuhi kuna mgeni mzito hapa, ua uwe mweupe."

"Sina leseni, mheshimiwa."

"Nimesikia habari yako. Wewe endesha tu. Yule afande wa kwenye kona nitampigia simu, hatakugusa."

Taratibu alimtazama. Kumbe simu ilikuwepo siku zote.

"Basi niandikie, mheshimiwa. Weka na muhuri, kwamba leo nimeruhusiwa."

"Mambo ya kuandikiana ya nini tena? Nimeshasema."

"Hata msamaha ulisemwa," Taratibu alijibu. "Niliusikia mwenyewe, nikiwa nafunga kamba."

Simu yake ililia. Mama Mahema. Aliisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshampata dereva mwingine wa Jumamosi, lakini huyo hapatikani mpaka kesho mchana, kwa hiyo tafadhali, viti avichukue yeye leo, kwa mara ya mwisho.

"Nimesikia, Mama," alisema. "Nisamehe. Nimefungiwa, siwezi kuendesha." Akakata.

"Sasa hivi viti nani atavitoa?" mkuu alifoka.

Dada alishapanda, ameshika usukani. Shemeji aliegemeza bega. Wanaume watatu waliokataliwa dirishani walikuja wenyewe, bila kuitwa, wakashika bodi. Pikapu tupu ilipita getini, ikampita afande kwenye kona.

"Jumamosi sasa tutafanyaje?" Dada aliuliza bila kugeuka.

"Sijui, Dada," Taratibu alisema. "Kata kushoto."

Nyuma yao viti vya bluu vilibaki vimejipanga uani, na mkuu wa ofisi alikuwa ameanza kukibeba cha kwanza.