Mrudiaji wa Baba

Mshauri wa kampeni alitaka maikrofoni tatu mezani, ingawa mzungumzaji alikuwa mmoja. Eti zinampa mtu uzito. Mimi ni fundi mitambo, nakodisha spika na maikrofoni, kwa hiyo nilifunga zote tatu, mbili zikiwa pambo tu, nikabandika nyaya sakafuni ili waandishi wa habari wasijikwae. Moyoni niliomba mwenye meza ajikwae wa kwanza, aanguke kifudifudi na suti yake mpya.

Mwenye meza ni mdogo wangu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake alipofariki, baba yangu, mchungaji, alimleta nyumbani akiwa na kaptura moja na kikohozi, akasema, "Huyu ni mwenzenu, sogeeni." Tukasogea. Tulimwita Mheshimiwa tangu utotoni, maana hakuwahi kuosha sahani bila kuihutubia kwanza. Sasa anagombea ubunge, na utani wetu unakaribia kuwa kweli.

Wiki hiyo kulikuwa na video ya zamani inayozunguka kwenye simu za watu. Haionyeshi kitu, ni migongo na mawingu tu, lakini sauti inasikika vizuri: "Nchi hii ilaaniwe! Ilaaniwe na wote waliomo!" Chini wameandika kwamba mlezi wa kiroho wa mgombea ameilaani nchi. Ikawa gumzo kila kona. Redioni wakapiga simu watu wasiomjua baba hata kwa sura, wakamtukana kutwa nzima.

Baba hakusema maneno yale. Baba ana sauti ndogo, na miaka ile kanisa letu halikuwa na umeme, kwa hiyo alihubiri na mrudiaji: yeye anasema sentensi, mtu aliyesimama kando yake anairudia kwa nguvu ili walio nyuma wasikie. Mrudiaji alikuwa Mheshimiwa. Hiyo ndiyo shule yake ya kuhutubia, hana nyingine. Alimwiga baba mpaka namna ya kuvuta pumzi, na ukiondoa ukubwa wa sauti, ukifumba macho hukujua nani ni nani.

Siku ya video ile, mtaa mzima ulikuwa umebomolewa na serikali, na ibada tuliifanyia juu ya vifusi. Baba akasema, "Nchi inayomtupa mjane nje, itubu." Itubu, basi. Mheshimiwa damu ikamchemka, akaitoa anavyojua yeye: ilaaniwe, na wote waliomo. Watu wakalipuka kwa makofi. Baba alimtazama tu, hakutaka kumwaibisha mbele za watu. Nyumbani ndipo alipomweka chini na kumwambia kwamba anayerudia ya mwenzake haongezi yake. Simu ya mtu aliyekuwa nyuma kabisa ilinasa sauti kubwa, ile ndogo haikufika. Mimi nilikuwa safu ya mbele, nilizisikia zote mbili.

Ndiyo maana kabla ya mkutano na waandishi nilimvuta Mheshimiwa mkono mpaka kwenye korido, karibu na ndoo za usafi.

"Utasema ni wewe," nikamwambia.

"Dada, tusianze."

"Sianzi, namaliza. Ile sauti ni yako."

"Najua ni ya nani." Aliutupia jicho mlango wa mshauri, akashusha sauti. "Nikisema ni mimi, leo hii hii chama kinanitupa. Baba hagombei kitu. Baba hana cha kupoteza."

"Ana jina lake, wewe!"

"Baba ataelewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nigombee."

"Alitaka ugombee, hakutaka umkanyage."

Akanishika bega, kama anavyowashika wapiga kura, akaingia ndani. Mkono ule ningeuuma.

Akakaa nyuma ya maikrofoni zake tatu. Akasema mchungaji huyo alimfundisha mengi udogoni, na kwa hayo anashukuru. Lakini maneno yale ni ya chuki, anayakataa, na aliyeyasema anamkataa pia. "Siku hiyo sikuwepo," akasema, akavuta pumzi ya baba. "Ningekuwepo, ningeondoka."

Mchungaji huyo! Mtu aliyekesha naye akikohoa, aliyembeba mgongoni kumpeleka zahanati! Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Ningezima, wangesema mitambo mibovu, angeanza upya na kusema vizuri zaidi. Niliacha. Alipomaliza sikukunja hata waya mmoja, nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta baba sebuleni mbele ya televisheni. Alikuwa ameona yote.

"Amekonda," akasema. "Sijui kama anakula."

Nilitaka kuipasua ile televisheni. "Baba, amekukana mbele ya dunia, wewe unauliza habari ya chakula? Waandishi wako getini sasa hivi. Toka uwaambie ukweli. Nitasimama na wewe, nitawaambia nilisikia. Majirani wote wa mtaa ule walisikia, ni vile tu hakuna anayewauliza."

Baba akatafuta koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Nikajua sasa imekwisha, maana baba hadanganyi. Huyu aliwahi kukatisha mahubiri katikati ili kukiri kwamba kisa alichotoka kusimulia hana hakika nacho. Nilimfuata getini kifua mbele, na sitaficha, nilikuwa na furaha mbaya.

"Mchungaji," mwandishi mmoja akauliza, "ile sauti ni yako?"

Baba akatazama chini.

"Ni yangu," akasema.

"Na mgombea alikuwepo?"

"Hakuwepo."

Mwandishi akanigeukia mimi. "Na wewe binti yake, siku hiyo ulisikia nini?"

Ningesema nini? Nikifungua mdomo kusema kweli, kufika jioni baba yangu ni mwongo nchi nzima, na kweli atakuwa amedanganya. Nikasema nilikuwa nyuma, sikusikia kitu. Mmoja alidanganya kupata kiti, na tayari tulikuwa watatu.

Ndani, baba alivua koti, akalikunja taratibu, akaliweka kwenye kiti cha pembeni.

"Jumapili sitahubiri," akasema. "Wala nyingine."

"Baba, tafadhali."

"Nitasimama niwaambie nini, wasiseme uongo?" Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei. "Acha, mwanangu. Nimechagua mwenyewe." Akaenda chumbani, akarudishia mlango.

Simu yangu ikalia. Mheshimiwa, na sauti yake imechangamka.

"Dada, tumemwona Baba! Kila mtu hapa amepumua. Mshukuru sana, mwambie sitasahau maisha yangu yote."

"Baba ameacha kuhubiri," nikasema.

"Ameachaje?"

"Ameacha. Amesema uongo kwa ajili yako, na mtu mwongo hapandi madhabahuni, ndivyo alivyo yeye. Miaka yote ile umeimaliza kwa siku moja. Umesikia? Umemmaliza, Mheshimiwa."

Nikamsikia anapumua kwa shida, kama siku zile za kikohozi, na ujinga wangu ukaniambia analia. Hasira ikaanza kulegea. Nikafikiri sasa atasema anakuja, na nikawa tayari kumfungulia geti.

"Dada," akasema polepole. "Hilo la kuacha, tunaweza kulitangaza leo, kabla ya taarifa ya habari?"