Mianya ya Ringi

Bisibisi ilimponyoka shangazi kwa mara ya tatu asubuhi ile, ikagonga sakafu ya karakana, nikajua siku ya kumwambia imefika. Mikono iliyonifunza ufundi ilikuwa ikitetemeka. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani: apumzike, aniachie meza.

Nikiwa bado nameza mate, mkata nyasi akaingia akisukuma mashine yake, ileile niliyoifunga ringi mpya juma lililopita.

"Inatoa moshi wa bluu kama mwanzo, fundi. Na nguvu haina. Bila hii mimi sina kazi."

"Basi silinda imelika," nikamjibu, hata nati moja sijaigusa. "Tafuta mashine nyingine."

Maskini, akanywea. Shangazi akainuka kwenye kigoda chake.

"Imelika, umeiona?"

Alifungua plagi, akaziba tundu lake kwa kidole gumba. "Vuta, mama." Nikavuta kamba. Kidole kilipogusa chuma, mkono wote ulitulia tuli, nami nikabaki kumkodolea macho. "Pumzi ndogo," alisema. Akamimina kijiko cha oili tunduni, akaziba tena. "Vuta." Safari hii pumzi ilikisukuma kidole kwa nguvu.

"Oili imeziba palipokuwa panavuja. Shida iko kwenye ringi."

"Ringi ni mpya, shangazi. Nimezifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana nataka kuziona."

Akamwambia mkata nyasi arudi alasiri, tukafungua injini. Alipitisha ukucha ndani ya silinda, haukukwama popote; haikuwa imelika. Kisha tukaitoa pistoni. Kila ringi, ule mviringo wa chuma unaoikumbatia pistoni, ina mwanya wake mdogo, na mianya hiyo haitakiwi kukaa pamoja. Yangu ilikuwa imepanga foleni, mmoja juu ya mwingine. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

"Kumbe umeichongea pumzi njia ya kutorokea!" alisema, akicheka chini kwa chini. "Haya, zungusha. Huu utazame huku, ule kule. Mikono yangu imegoma, macho bado yapo."

Nikazungusha, yeye akinielekeza kwa kidevu. Miaka yote ile nilidhani ufundi wake umo vidoleni. Nilimhusudu, nikampenda zaidi.

Alasiri nilivuta kamba mara moja tu, injini ikanguruma. Moshi wa ile oili ya kijiko ulitoka kidogo, ukakatika.

"Ilikuwa na nini?" mkata nyasi aliuliza, meno yote nje.

Nilifungua kinywa nikiri kosa. Shangazi akaniwahi.

"Ringi zilikuwa zimekaa pamoja zinasengenyana. Binti yangu amezitenganisha."

Mkata nyasi aliondoka akicheka. Shangazi akafuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Asubuhi ulikuwa na neno. Nilikuona unameza mate."

Niliichukua ile bisibisi, nikauzungushia mpini wake kitambaa mpaka ukajaa kiganja, nikafunga kwa uzi, nikamkabidhi.

"Nilitaka kusema huu mpini ni mwembamba mno, shangazi."