Tairi la Polepole

Fundi matairi huyu walimwita Mwandishi, ingawa hata barua alikuwa haandiki. Aliandika kwenye matairi ya pikipiki. Tairi jipya likifika mikononi mwake, alilisaga ubavuni kwa mashine mpaka maandishi madogo ya kiwandani yafutike na pawe laini kama shavu la mtoto, kisha kwa rangi nyeupe akachora jina la utani la mwenye pikipiki. Vijana wa kijiweni walipanga foleni. Nani asiyetaka jina lake lizunguke mjini mchana kutwa?

Mdogo wake, tumbo moja, alichorewa bure: POLEPOLE. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hata baiskeli zilimpita. Wakamcheka wee, lakini akina mama wenye vichanga hawakupanda pikipiki nyingine.

Ndipo redio ikatangaza kwamba kampuni iliyoyatengeneza matairi hayo inataka yarudishwe. Baadhi yalitoka kiwandani na kasoro ya ndani: gundi haikushika vizuri, na gamba la juu lingeweza kubanduka tairi likipata moto. Bwana wa kampuni akaja na gari lililojaa matairi mapya, akaketi nje ya karakana ya Mwandishi, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusoma namba ubavuni. Namba ikiwa ya toleo lile bovu, unabadilishiwa hapo hapo.

Alipofika kwenye matairi yaliyochorwa, akainama, akapapasa, akapapasa tena.

"Namba iko wapi?"

Vijana wakamwonyesha majina yao.

"Bila namba siwezi kubadilisha," akasema, akamwita mwingine.

Mwandishi aliyasikia hayo akiwa ameshika pampu. Matairi yasiyochorwa, ya shehena ile ile aliyoiuza yeye, yalikuwa yanabadilishwa moja baada ya jingine. Angeweza kusimama pale pale na kusema, jamani, yaliyochorwa yote yavueni, nimewaharibia. Hakusema. Alizipenda sifa zake mno.

Polepole akabaki wa mwisho. "Kaka, hili langu vipi?"

Mwandishi akachuchumaa, akalibonyeza kwa kidole gumba. Meno yalikuwa bado marefu, na vinyweleo vya mpira vimesimama. Maisha yake yote alipima tairi hivyo: lililoisha ni kipara, lenye meno ni zima. Safari hii alijua kabisa kwamba kipimo hicho hakifai kitu, maana ugonjwa ulikuwa ndani. Akakishika hivyo hivyo.

"Hili bado bichi. Endesha tu."

"Haya, kaka."

Mchana joto lilipozidi, gamba la tairi la Polepole likabanduka barabarani, likajizungusha kwenye mnyororo, pikipiki ikalala. Bahati hakuwa na abiria. Mguu wa kulia ulisagika, na madaktari wakaukata chini ya goti.

Wodini wenzake walijaa mpaka kwenye korido. "Nilikimbia," Polepole akawaambia. "Nilijitia ujuaji, nikafungulia moto."

Wakaangua kicheko, na muuguzi naye hakujizuia. Polepole akimbie! Mwenyewe akacheka nao. Mwandishi, aliyesimama mwisho wa kitanda, akageukia dirishani. Chini ya dirisha zilikuwa zimepangwa pikipiki zao, na maandishi yake meupe kwenye kila gurudumu.

"Si mwendo," akasema. "Ni tairi. Mimi ndiye niliyefuta namba, nikajua, nikanyamaza. Na yenu pia. Msiyapande tena."

Kicheko kikakatika. Wakatoka mmoja mmoja bila kumuaga, na kupitia dirishani aliwaona wakizikokota pikipiki kwa mkono. Hakuna aliyewasha.

Wakabaki wawili. Mwandishi akapiga magoti kando ya kitanda, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. "Nisamehe, mdogo wangu. Umejisingizia bure mbele za watu, kumbe hukujua kama ni mimi."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Ulipobonyeza tairi hukunitazama usoni." Polepole akaivuta shuka juu ya ule mguu uliobaki nusu. "Nikajiambia, huyu kanibeba mgongoni nikiwa mtoto, hawezi kunipandisha kwenye kitu kibovu. Nikawasha, nikaondoka."