Vitonge vya Bwana Mkubwa

Mimi ni mwanamke mwenye kinyaa, na sioni aibu kusema. Kazi yangu ni kufua shuka za hoteli, na ukishafua shuka za watu usiowajua, huwezi tena kumwamini binadamu. Ndiyo maana nyumbani kwangu kila mtu ana kikombe chake na taulo lake, na mume wangu akionja mchuzi kwa mwiko kisha akaurudisha mwiko sufuriani, mchuzi wote naumwaga. Ananiita Bibi Afya. Na aniite.

Mtu kama mimi, Mungu akampa mtoto asiyekula. Uji anageuza uso, ndizi anaitupa, yai analitazama kama limemtukana. Tulimwita Bwana Mkubwa kwa utani, lakini utani uliisha kliniki, muuguzi alipotazama mizani akaacha kutabasamu.

"Mama, mwaka ametimiza lakini uzito haujafika," alisema. "Akipungua tena, tunamlaza."

Muuguzi alikuwa amenielekeza nijaribu vitonge vya oti na matunda makavu, visivyohitaji moto wala kuoka. Basi siku yangu ya mapumziko nikaifuta meza, nikaifuta tena, nikavaa glavu. Tende nikazitoa kokwa. Zabibu kavu nikaziosha. Embe kavu, gumu kama soli ya kiatu, nikalikata vipande vidogo kwa mkasi mpya. Nikachanganya vyote na oti, asali na siagi ya karanga. Mchanganyiko ule ulining'ang'ania vidoleni, mzito, wa kahawia, na sisemi ulinikumbusha nini cha kazini.

Mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa ananitazama.

"Mkamwana, unapika au unampasua mgonjwa?"

Nikaviringa vitonge, nikaviweka kwenye friji vigande. Bwana Mkubwa akapewa kimoja. Akakizungusha mdomoni, kisha akakisukuma nje kwa ulimi, kikaniangukia mapajani na uzi mrefu wa mate. Nilibadilisha nguo saa hiyohiyo.

Kesho yake nilimwachia mama mkwe kopo zima. "Mjaribie, Mama."

"Nenda kazini. Mimi na mume wangu tutaelewana."

Na kweli walielewana! Kila nikirudi jioni, vitonge vimepungua. Kliniki, mshale wa mizani ukapanda. Muuguzi akanisifu, nami nikavimba kichwa. Wenzangu kazini niliwahubiria oti na tende mpaka wakawa wakiniona wanajifanya wana haraka.

Siku moja mashine ya kufulia iliharibika tukarudishwa nyumbani mapema. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama mkwe ameketi kwenye kigoda, mtoto mapajani. Akachukua kitonge, akakitia kinywani mwake. Nikadhani anakula. Alitafuna taratibu, shavu likienda huku na huku, kisha akatema kiganjani rojo la kahawia linalong'aa mate. Akaliviringa upya kwa vidole vyake vitupu. Akampa mwanangu. Na mwanangu akala, akamvuta bibi yake kidevu akitaka kingine.

Sikufika chooni. Chai yote ya kazini niliirudishia kwenye karo.

"Mama! Unamlisha mtoto mate?"

"Namlisha chakula. Magego hana, na embe lako ni gumu. Mumeo mwenyewe amekua hivihivi."

Nikamkumbuka mume wangu na kinywa chake. Busu alilisubiri sana wiki ile.

"Usimlishe hivyo tena. Nakuomba, Mama. Sitaki!"

"Haya. Mtoto ni wako."

Angenitukana ningejua pa kushika. Nikaanza upya, peke yangu: matunda nikayaloweka, nikayasaga kwa blenda mpaka yakalainika kabisa. Bwana Mkubwa akafumba midomo. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamkaripia. Alimtazama bibi yake, na bibi yake akatazama dirishani. Siku zikapita. Suruali ikaanza kumvuka kiunoni. Akawa hata kulia halii vizuri, analalama tu, na kesho yake ilikuwa siku ya mizani. Niliogopa. Nilishaona kitanda cha wodi, na shuka zake nikazijua.

Nikambeba mpaka jikoni, nikafunga mlango. Nikatia kitonge kinywani, nikatafuna. Kitonge ni kitamu, tatizo ni kujua kinakokwenda. Oti zikavimba, embe likalegea, mate yakajaa, koo likawa linakataa kila nikitafuna. Nikatema kiganjani. Kilikuwa cha uvuguvugu! Hilo sikulitegemea, na hilo ndilo lililokaribia kunishinda. Nikafumba macho, nikamnyooshea mkono.

Nikasikia anameza.

Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, natafuna cha pili, mlango ulipofunguliwa. Mama mkwe alisimama pale. Nikajiandaa kwa vijembe, maana nilivistahili vyote. Lakini alikitazama kiganja changu, akakitazama kinywa changu, akakunja uso. Uso ule naujua. Ni wangu.

"Umesukutua?" aliuliza.

"Nini, Mama?"

"Kinywa! Umetoka kula vitunguu sasa hivi, hata maji hujanywa, unamtemea mtoto? Mimi kabla sijamgusa napiga mswaki, nasukutua na maji ya chumvi mpaka fizi zinawaka. Alaa! Uchafu gani huu, mwanangu?"

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniita mchafu. Nilisimama na rojo langu mkononi, uso umeniiva kwa aibu. Na lililoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anaona kinyaa kweli, wala hakuwa ananikomoa. Akanikorogea chumvi kwenye glasi ya maji, akanipa, akageuka pembeni asinione ninavyotema.

Nikasukutua. Nikachukua kitonge kingine. Kinyaa kilikuwa palepale kooni, hakikusogea hata kidogo, na Bwana Mkubwa alikuwa keshaachama.