Laptopu Tatu na Sauti ya Baba Mkwe

Ukitaka kumjua mama mkwe, tazama vitu anavyovivisha. Huyu wa kisa chetu alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwake hakuna kitu kilichokaa uchi. Birika lilikuwa na koti. Redio ilikuwa na koti. Hata kopo la vifungo lilishonewa kisketi chenye marinda. Basi ofisi moja ilipofungwa na mwanawe akapewa laptopu tatu zilizokwisha tumika, nyeusi, zinafanana kama mayai ya kuku mmoja, mama hakuuliza kama zinafanya kazi. Alichukua tepu akapima urefu na upana. Kabla jua halijazama kila moja ilikuwa na koti lake: moja jekundu lenye maua, moja la bluu, moja la kijani.

Za bluu na kijani zilikuwa za yeyote. Yenye koti jekundu ilikuwa ya Baba, mume wake. Mzee yule alipougua akashindwa kutoka nje, aliiweka laptopu yake kitandani, akawa anajirekodi akitega vitendawili kwa ajili ya wajukuu ambao hawajazaliwa. "Wakija wasinikute," alisema, "watanikuta humu." Alipofariki, mama aliifunga koti lake mpaka kifungo cha mwisho, akaiweka rafuni juu ya vitambaa. Hakuna aliyeifungua tena. Si kwamba walisahau. Kuna jeraha ambalo mtu halifunui mpaka awe na hakika limefunga kovu.

Sasa mjukuu wa kwanza alikuwa njiani, tumboni mwa mkwe wa nyumba hiyo. Mkwe huyu alikuwa amesomea kompyuta, kozi fupi lakini yenye cheti, na zile laptopu zilikuwa zikimkera. Ukiiwasha moja, unakwenda kuosha vyombo, unarudi, kiduara bado kinazunguka.

"Mama," alisema siku moja, "tuziwekee mfumo mwingine. Upo mmoja huria, unaitwa Linux. Hauuzwi. Na anayetaka kuona ulivyoshonwa, anaruhusiwa kuufumua."

"Aufumue?"

"Ndiyo. Na akiweza kuushona vizuri zaidi, awagawie wenzake."

Mama mkwe aliutoa uzi mdomoni. "Mafundi gani hao wanaogawa mikato yao bure? Mimi nikimwonyesha mtu kola yangu leo, kesho ana wateja wangu wote." Akacheka, akatikisa kichwa. "Haya. Chukua hizo mbili, hazina kitu ila michezo ya karata ya wifi yako. Lakini ile nyekundu..."

"Ile siigusi, mama. Mpaka wewe useme."

"Hapo umesema, mwanangu."

Jumamosi asubuhi mkwe akaanza na ile ya bluu. Akaivua koti, akachomeka flashi aliyokwisha iandaa, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha kuiambia isianzie kwenye diski yake, ianzie kwenye flashi. Ikauliza kama anataka kufuta diski yote na kusakinisha mfumo mpya. Akakubali. Mstari ukatembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia kama mgonjwa anayejifunza kutembea, ukafika. Akachomoa flashi, akaizima, akaiwasha. Iliwaka kabla hajamaliza kupiga miayo.

"Yarabi!" akajipongeza. "Bibi kizee amekuwa mwari."

Akahamia kwenye ya kijani. Nayo akaivua, akachomeka flashi, akaiwasha. Skrini ikaleta swali: Jaribu, au Sakinisha? Kidole kilikuwa hewani sauti ilipotoka chumba cha pili.

"Mke wa mwanangu! Njoo unishikie ncha, pazia hili linanikimbia!"

Lilikuwa pazia la ukumbi, refu kama safari ya mdaiwa. Mkwe alishika ncha, mama akakata, na mkasi na ulimi vikaenda pamoja: habari za jirani, habari za bei ya uzi, habari za mtoto atakayekuja na pua ya nani. Aliporudi mezani, alikuta skrini imekwisha jipamba, vitufe vyote vipo mahali pake, inamngoja.

"Imekwisha hii?" akashangaa. Lakini nani hukagua zawadi? Akasema moyoni kwamba ya kijani ina mbio kuliko mwenzake, akaendelea. Intaneti ya hewani ilikataa. Akaunganisha simu kwa waya, mashine ikavuta kile kilichokosekana, intaneti ikakubali. Printa nayo iligoma mpaka alipoichagua upya kwenye orodha. Akanyoosha mgongo, akapapasa tumbo. "Umeona mama yako?" akamwambia wa ndani.

Mama mkwe akaingia na kikombe cha chai. Akaokota koti la bluu mezani, akalinusa.

"Yananukia, eh? Nilikuwa nimeyafua juzi. Vumbi lake lingeota mchicha."

"Yote, mama?"

"Yote matatu. Niache la nani?"

"Na ulipozirudishia..." Mkwe alizitazama zile laptopu. "Ulijuaje ipi ni ya koti lipi?"

Mama akaliweka koti chini. Akaitazama ile ya bluu iliyo uchi, akaitazama ya kijani iliyo uchi, akainua macho rafuni. "Kwani hazifanani?" akasema taratibu. "Kila koti lilikaa. Halikubana, halikupwaya."



Mkwe alipanda kigoda, akaishusha ile yenye koti jekundu. Vifungo vilikuwa vidogo, akavifungua kimoja kimoja. Akaiwasha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, wao wawili wamesimama kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Mwisho skrini ikafunguka. Karata. Mchezo wa wifi, umeachwa katikati, mzungu wa nne, yule mfalme wa karata, hana pa kwenda. Mkwe akapekua kila folda. Hapakuwa na Baba.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima. "Nimezifuta zote mbili. Mojawapo ilikuwa ya Baba."

Mama mkwe alikaa juu ya robota la vitambaa. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikaa tu, mikono magotini, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Mimi ndiye niliyezivisha," alisema.

"Mimi ndiye niliyefuta bila kuchungulia. Kuchungulia kungenigharimu nini, mama? Sina hata la kujitetea."

"Nyamaza, usilie. Utamfundisha mtoto kulia kabla ya wakati wake."

Lakini yeye mwenyewe mama alikuwa analikunja na kulikunjua pindo la kanga yake, na mkwe alijua maana yake. Alikuwa ameingia nyumba hii na kupendwa. Sasa alijiona ndiye aliyemzika mzee mara ya pili, na mtoto wake mwenyewe ndiye atakayekosa kumsikia.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu hajawahi kuingia mahali kimya. Alikuwa amekumbatia mfuko wa machungwa.

"Jamani, mbona mmenuna kama mmemeza sindano? Nani kaharibu nguo ya mteja?"

Wakamweleza. Chiriku akaweka machungwa chini moja moja, uso unabadilika. Kisha akakunja kipaji cha uso.

"Ngoja kwanza. Hiyo ya kijani umeifuta saa ngapi, wifi?"

"Asubuhi. Nilipokuwa na mama kwenye pazia, ilijisakinisha yenyewe."

"Ijisakinishe yenyewe ina mikono? Mimi ndiye niliyepita hapa nikienda sokoni. Nikaikuta imeuliza swali na hakuna mtu wa kuijibu. Nikaona si adabu, kitu kinauliza watu wanakipita tu."

Mkwe akasimama. "Ukaijibu?"

"Nikaijibu. Kulikuwa na maneno mawili. Sakinisha silijui, sijui ni tusi. Lakini kujaribu nakujua, nimezaliwa na fundi mimi. Nguo huichukui kabla hujaijaribu. Nikabofya Jaribu, nikaenda zangu. Nimekosea?"

Mkwe alikuwa amekwisha geuka. Alikuwa ameinama mbele ya skrini ya ile ya kijani, pua karibu iiguse. Pale pembeni, kwenye kona ya juu, palikuwa na alama ndogo aliyokuwa ameipita asubuhi yote bila kuiona: Sakinisha. Imesimama kama mgeni mlangoni ambaye hajakaribishwa ndani.

"Haujaingia," akasema kwa kunong'ona. Kisha kwa sauti: "Mama, haujaingia! Huu mfumo bado unakaa kwenye flashi. Tumeuvaa tu, hatujaununua. Diski ya ndani haijaguswa hata na ukucha!"

"Basi Baba yumo?"

Hapo mkwe alitulia. "Hilo bado, mama. Kama alikuwa kwenye ile ya bluu, ile kweli nimeifuta. Tutazame."

Akabofya diski. Kisanduku kikaruka: imeshindikana kufunguliwa. Chiriku akajishika kichwa. Mama akauliza, "Inasemaje?"

Mkwe alisoma mara mbili, akaanza kupumua tena. "Inasema mfumo wa zamani haukuzimwa sawasawa. Ulifunikwa tu ukasinzia. Mwenye nyumba hajahama, amelala, kwa hiyo hairuhusu tuingie na kupangapanga vyombo."

"Basi tusipange," alisema mama mkwe. "Tuingie tutazame, tutoke."

"Hivyo hivyo, mama. Kusoma tu, bila kuandika."

Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja, akausoma upya herufi kwa herufi, akabonyeza. Diski ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Folda ya kazi za ofisi ya zamani. Folda ya picha. Na moja chini yake, imeandikwa kwa herufi kubwa zote, jinsi wazee wanavyoandika wakiogopa mashine haiwasikii: ZA WAJUKUU.

Mkwe aliketi kwa kishindo. Yale machozi aliyokatazwa yakatoka yote, lakini yalikuwa ya aina nyingine, yale yanayotoka na kicheko. Chiriku akampiga mgongoni, "Lia wifi, lia, hayo hayana ushuru." Mama alisogea mezani. Aliweka mkono wake mkavu juu ya kifuniko cha laptopu, kama anayepima homa.

"Icheze," alisema.

"Hapana, mama, nisamehe. Leo haraka hainikamati tena. Nanakili kwanza."

Akanakili kwenye flashi nyingine, akanakili kwenye simu yake, akafungua nakala kuona kama zimekamilika. Ndipo akabofya ya kwanza. Mstari ukaanza kutembea. Kimya. Wakangoja. Kimya.

"Amekataa kusema mbele ya Chiriku," mama akasema.

"Mstari unatembea, maana yake anasema," alisema mkwe. Akafungua mipangilio ya sauti, akaguna. "Mashine inapeleka sauti kwenye televisheni."

"Televisheni ipi? Hatuna televisheni."

"Ndiyo maana hatumsikii." Akaielekeza kwenye spika zake yenyewe, akarudisha mwanzo.

Kikohozi. Kitanda kinalia. Halafu sauti, nzito, ya karibu, kana kwamba mzee ameketi pale kwenye robota: "Kitendawili!"

Hakuna aliyepanga, lakini wote watatu walijibu pamoja: "Tega!"

Na mzee alikuwa amewaachia nafasi ya kujibu. Alingoja kiasi cha pumzi moja, kama anayewaona. "Nina mzee wangu ana jino moja. Anatafuna kutwa na hamezi."

Akangoja tena. Wakasikia anacheka pole pole, kicheko cha mtu aliyeoa fundi. "Mmeshindwa? Haya, nipeni mji."

"Mji gani nikupe, na cherehani naiona hii hapa!" mama mkwe akapiga kelele. "Hata kufa hujaacha kunitania, mzee wewe!" Akacheka mpaka akashika ubavu, akafuta macho kwa pindo la kanga, akacheka tena.

Mtoto alipiga teke. Mkwe alichukua mkono wa mama mkwe akauweka pale pale palipogongwa.

"Ziko nyingi, mama," Chiriku akasema akikagua folda. "Ziko tele. Tusikilize ya pili?"

"Acha hapo," alisema mama, mkono bado tumboni. "Moja kwa siku. Zibaki hadi huyu azaliwe, tushindane naye." Kisha akamgeukia mkwe wake, akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega naye mbele ya skrini. "Haya mwanangu. Sasa nakili na mara ya tatu, halafu usakinishe hicho kitu chako nikitazama. Bofya wewe. Mimi nitasoma maswali."