Kivuli cha Jiwe

Kazi yangu ni kupiga picha za ultrasaundi, na subira sikujaliwa. Mgonjwa akija na uvimbe shavuni au chini ya taya, unaofura akila na kunywea baadaye, najua kabla hajalala kitandani: jiwe limeziba mrija wa mate. Nampaka jeli, nampa kipande cha limau afyonze ili mate yajae, mrija utanuke, na jiwe lijitokeze kwenye skrini, jeupe, na kivuli cheusi chini yake. Mara chache nakosea. Hilo lilinivimbisha kichwa.

Ndiyo maana mama aliponionyesha uvimbe chini ya sikio lake, niliugusa kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika funguo.

"Jiwe tu hilo, mama. Fyonza limau kila siku, litatoka."

Sikumuuliza kama unafura akila. Wageni nawauliza.

Kila nilipopiga simu alisema, "Limau linasaidia, mwanangu." Miezi saba hiyo. Juzi dada yangu anayeishi naye akanipigia: mdomo wa mama umekwenda upande.

Leo amelala hapa, kwenye kitanda changu cha kazi. Wenzangu walitaka kunipokea kazi hii nikakataa. Ukaidi nimerithi kwake. Nimepitisha kifaa mara tatu. Mrija wa mate uko wazi kabisa. Pembeni yake kuna donge jeusi, kingo zake zimeparuzika, limejishikiza kwenye nyama, pale unapopita mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Jiwe hakuna. Halikuwapo tangu mwanzo.

Husemwa mganga hajigangi. Sawa, lakini angeweza kumganga mama yake. Naona aibu.

"Mama, limau lilikusaidia kweli?"

"Lilinitia ganzi ya meno tu." Anacheka kwa upande mmoja. "Ningekwambia ungejisikia vibaya. Na mtaalamu ni wewe. Haya, jiwe umeliona?"

Napitisha kifaa mara ya nne. Mama ananitazama, kisha anatazama skrini.

"Labda limejificha," anasema. "Ngoja nikusaidie."

Ananyoosha mkono kwenye kisahani cha wagonjwa, anatia kipande cha limau mdomoni. Uso unakunjamana kwa uchachu, nusu tu. Jicho la upande ule mwingine limebaki wazi, linanitazama, nami nashindwa kumwambia ateme.