Udi wa Idi

Mama yangu haamini Idi isiyonuka udi. Asubuhi ya Sikukuu Mosi aliivika mfuko wa plastiki kengele ya moshi isilie, kwenye fleti yetu ya Ladywood huku ughaibuni, akawasha chetezo cha umeme, akaniinamisha kichwa na kunifukiza nywele mpaka kwenye mizizi.

"Mama, leo naingia kazini," nikamwambia.

Akacheka. "Kwani huko mnakounda hizo setilaiti hakuna binadamu?"

Binadamu tupo, ila hatunuki. Kwenye chumba safi, kile cha kuundia setilaiti, tunaingia tumejifunika gubigubi, macho tu nje, na marashi ni haramu kuliko pombe, maana mafuta yake huelea hewani yakaenda kuganda kwenye kioo cha kamera. Huko juu angani hakuna wa kwenda kukipangusa. Haya yote nayajua. Tena ni mimi niliyemfundisha Héritier, yule Mkongo mgeni ambaye bado alikuwa kwenye majaribio.

Mlangoni, Parminder, msimamizi wetu, aliuliza kama kawaida yake nani amejitia chochote cha mafuta au cha kunukia. Ningesema kweli, angenirudisha nyumbani, na kamera niliyoihangaikia mwaka mzima angeifunga Nilam. Nilam, ambaye hata skrubu humponyoka! Nikasema sina kitu. Ulikuwa uchoyo mtupu, siupambi.

Kesho yake, kile kioo kidogo tunachokiweka kando ya kamera kinase kila kinachotua, kilikutwa na utando wa mafuta. Maana yake kamera ifunguliwe yote, isafishwe upya, na setilaiti ichelewe. Parminder akatukusanya, akauliza ni nani. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo, Héritier akaniwahi. Alisema siku ile ngozi ilimuwasha, akajipaka losheni kidogo mikononi, hakujua kama ingedhuru.

Losheni isiyo na harufu, chini ya glavu mbili! Nilijua si yeye. Parminder akamwambia akae nyumbani mpaka aitwe kuambiwa kama bado ana kazi. Nami nikaufunga mdomo wangu.

Jioni nikampelekea biriani ya Idi kule kwake Shard End, eti kumpa pole. Mama alilijaza bakuli lake la maua, akasema, "Chombo hakirudi kitupu, utaona."

Héritier alilipokea kwa mikono miwili. "Dada Asmahan, ni mimi njo niliharibisha kazi yenu. Pardon, unisamehe." Mkewe, Fortunée, macho yamemvimba kwa kulia, alinishika mkono akaniombea kwa Mungu, mimi na kizazi changu. Kuombewa dua na mtu uliyemchimbia shimo! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema, "Yatapita," nikakimbilia basi.

Sikulala vizuri tangu hapo. Alhamisi nikamfuata Parminder nikamweleza yote: udi, mfuko wa plastiki, uongo wa mlangoni. Hakupiga kelele. Alinitoa chumba safi akanipeleka stoo, kisha akampigia Héritier simu arudi kazini. Nikaomba jambo moja tu, kwamba sababu nimwambie mwenyewe.

Héritier alikuja asubuhi yake, meno yote nje, bakuli la Mama mkononi. "Dada, balinirudisha ku kazi! Maombi yamejibiwa! Fortunée amekupikia mandazi, ya asante."

Nikamwambia pale pale kwenye ngazi, bila kuzunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku lile tabasamu likimtoka polepole.

"Ile biriani ulituletea," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Hakunitukana. Angenitukana ningemshukuru. Alilifunua bakuli, akayatoa mandazi moja moja, akayatia kwenye mfuko wake wa chakula. Halafu akanikabidhi bakuli, akapanda ngazi kwenda kazini.

Nyumbani nilijaribu kuliweka kabatini kimyakimya. Mama hapitwi na chombo chake. Alilichukua, akatazama ndani, akapitisha kidole kwenye sukari ya mandazi iliyobaki chini.

"Asmahan," akasema, "umewafanya nini watoto wa watu?"